Doh Iliyoshuka Kati ya Gede na Malindi

Sifa zote zimwendee Mungu, aliyetupa pumzi bure na kutuachia wenyewe kazi ya kutafuta pembe za kuipulizia. Ameniweka hai mpaka magoti yangu yameanza kulia kabla sijapiga magoti, na bado ananipa usingizi mwororo na chai ya asubuhi. Namshukuru kwa hayo. Namshukuru pia kwa bendi ya kanisa letu, ambayo nataka kuisimulia hapa, na kwa mlamu wangu, kaka wa marehemu mke wangu, ambaye amenisumbua tangu siku nilipokwenda kwao kuposa na hajapumzika hata Jumapili.

Kwetu walamu wana ruhusa ya kutaniana. Ni haki, na imekaribia kuwa wajibu. Nikikohoa, mlamu huniuliza kama nimeshachagua mbao za jeneza. Akijikwaa, namwuliza ardhi imemkosea nini. Nalieleza hili mapema kwa sababu bila utani huo, yaliyotokea Junju yasingetokea kabisa.

Kanisa letu liko Gede, ndani kidogo, ukishayaacha maduka na kuingia mashambani. Bendi yetu ya tarumbeta ni ya zamani kuliko jengo lenyewe. Pembe zake za kwanza zililetwa na wamishonari, zikapita mikono mingi huko upande wa Rabai, kisha zikatufikia sisi zikiwa na mabonde na viraka kama sufuria ya msibani. Mimi ndiye mwenye kijiti. Nasimama mbele, nahesabu mapigo, natoa ishara ya kuanza na ya kumaliza. Sipulizi chochote. Mlamu husema nilipewa kijiti ili mikono yangu isiguse kitu cha maana.

Yeye anapuliza besi, ile pembe kubwa inayokumbatiwa kama mtoto mnene. Ameipuliza tangu tukiwa vijana. Ana pengo mbele, jino la juu, na ukingo wa kikombe cha kupulizia umebonyea mahali palepale penye pengo. Sijui ni kipi kilichomfuata mwenzake. Amewahi kujaribu besi nyingine, ya kuazima, ikatoa upepo mtupu. Kwa hiyo mzee yule na pembe ile hawatenganishiki. Ukiiweka stoo pembe, umemweka stoo na mzee. Hilo kila mtu Gede analijua, na msomaji naye alishike, maana ndilo lililotukondesha.

Vijana wa bendi wanaongozwa na mwalimu wa shule ya msingi, binti wa jirani zetu. Alijifunza kupuliza akiwa mdogo, amekalia ndoo iliyopinduliwa mbele ya mlamu, na mpaka leo anamwita babu ingawa hawana damu moja. Mimi ananiita mjomba. Ana subira kuliko umri wake, na ana simu inayojua kila kitu.

Basi marafiki wa kanisa letu, watu wema wa ng'ambo, wakatuletea zawadi: masanduku ya tarumbeta mpya kabisa, zinang'aa hata ukiziangalia unajiona ulivyozeeka. Tukaimba, tukashukuru, mchungaji akaziombea moja moja. Vijana wakazichukua. Wazee wakabaki na zao za zamani, kwa hiari yao. Siku ya mazoezi ya kwanza ya pamoja nikainua kijiti, nikakishusha.

Sijui niieleze vipi sauti iliyotoka. Mbuzi waliofungwa nyuma ya kanisa walikata kamba. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo ya maji kichwani aliitua, akachungulia dirishani na kuuliza ni nani amefariki.

Doh ya wazee, ile noti ya kwanza ambayo wimbo husimama juu yake, ilikuwa juu. Doh ya vijana ilikuwa chini. Na tofauti yenyewe ilikuwa ndogo, hapo ndipo penye adhabu. Zingepishana mbali tungesema hiyo ni sauti ya pili, tukamshukuru Mungu tukaendelea. Hizi zilikuwa karibu mno, kama watu wawili wanene wanaopita mlango mmoja na kila mmoja anasema, tangulia wewe.

"Tarumbeta zenu zimelegea," mlamu akawaambia vijana. "Labda zimeugua baharini."

"Babu, zetu ziko sawa," mwalimu akasema, akaipuliza yake mbele ya simu. Kwenye kioo kulikuwa na mshale, nao ukasimama katikati wima. "Puliza yako uone."

Mlamu akapuliza. Mshale ukalala upande wa kulia kama mtu aliyezimia.

Akaitazama ile simu jinsi anavyomtazama pweza asiyetaka kufa. "Mwanangu, simu hii ilibatizwa lini, hata itutawale kanisani?"

Mwalimu akatueleza kwa utaratibu. Hapo zamani, huko zilikotengenezwa pembe zetu, bendi nyingi zilikuwa na desturi ya kupatanisha juu, kwa sababu sauti ya juu inang'aa zaidi uwanjani. Kila nchi na doh yake, wakati mwingine kila mji na yake. Baadaye mataifa yakakaa yakakubaliana noti moja ya kupatanishia, itetemeke mara mia nne na arobaini kwa sekunde, ili mpiga fidla akisafiri asilazimike kujifunza upya masikio yake. Viwanda vikafuata. Pembe zetu, zilizokwisha kuzaliwa, hazikupata habari.

"Mataifa yalikaa," mlamu akasema. "Gede tuliitwa?"

"Hatukuitwa, babu."

"Basi."

Nikaona niingie kwa upole, maana mimi ni mzee wa kanisa na kazi yangu ni kupatanisha. Nikasema kwamba pembe ni pembe, na Mungu anasikia zote.

"Anasikia, ndiyo," mlamu akasema. "Lakini hebu nikuulize, wewe uliyesoma Maandiko. Zile pembe za makuhani zilizozunguka mji mpaka ukuta ukaanguka, unafikiri zilikuwa zimepatanishwa?"

Nilikuwa sijawahi kulifikiri.

"Pembe zilizopatana haziangushi ukuta," akasema. "Nusu walikuwa na za zamani na nusu na mpya. Ndiyo siri yake."

Vijana wakaangua kicheko. Hata mwalimu alifunika uso kwa simu. Tangu siku hiyo nimejaribu kulisoma fungu lile kwa uchaji, na kila nikifika kwenye pembe naisikia bendi yetu.

Tulijaribu kila tulichoweza. Kila tarumbeta ina mrija wa kuvuta, ambao ukiuvuta nje sauti hushuka na ukiusukuma ndani hupanda. Vijana wakaisukuma yao ndani mpaka ikagota; ikabaki chini bado. Pembe ndogo za wazee zikavutwa nje kidogo, lakini mirija yake ilikuwa imevaa kutu ya kifamilia, mingine ilikuwa haijasogea tangu wamishonari. Mrija wa besi ya mlamu haukusogea hata kwa mafuta ya nazi. Mtu mmoja alikumbuka kwamba shaba ikipata joto sauti hupanda, basi vijana wakazianika tarumbeta zao juani kwenye majamvi, kama samaki papa. Zikapanda, kweli. Lakini huwezi kusifu ukiwa na malengelenge midomoni. Wazee nao walitakiwa wazipoze zao kwa maji ya kisima. Wakakataa, kwa hoja ya mlamu kwamba pembe iliyozika watu wengi vile haiwezi kuogeshwa hadharani.

Mchungaji wetu ni mtu wa amani, lakini ana masikio. Kanisa dogo jipya lilikuwa linafunguliwa Junju, na sisi ndio tulioalikwa kuongoza maandamano kutoka barabarani hadi mlangoni. Wageni wengi, viongozi, na wale marafiki wa ng'ambo wangekuwapo kuona zawadi yao. Siku moja baada ya ibada akatuita sisi watatu, mimi, mlamu na mwalimu, akasema kwa sauti ya chini:

"Wazee wangu, nawapenda. Lakini kanisa moja haliwezi kuwa na doh mbili. Junju nikisikia doh mbili, pembe za zamani zitapumzika stoo. Za wageni siwezi kuziweka stoo mbele ya wageni."

Mlamu akasema, "Amina," kama mtu anayesoma bango. Tulipotoka nje alinyoosha mgongo akajaribu kunitania kuhusu viatu vyangu, lakini utani wenyewe ulikosa miguu. Nikaona amezeeka pale pale, kati ya mlango na ngazi. Mwalimu naye aliona. Alikuwa akiangalia chini, anazungushazungusha kidole kwenye mdomo wa tarumbeta yake.

Siku chache baadaye mlamu akamwendea mwalimu mazoezini, mbele ya watu wote.

"Nipe doh yako ya simu."

"Ya nini, babu?"

"Nataka niichukie vizuri. Siwezi kukichukia kitu nisichokijua."

Mwalimu akampulizia. Mlamu akamwambia arudie. Akaisikiliza amefumba macho, akaivumisha puani, mmm, mmm, kisha akaibeba besi yake akaondoka bila kuaga, anaivumisha vilevile. Nikamwita anisubiri. Akanipungia mkono wa kufukuza nzi. Nikasema moyoni, maskini mlamu, amefikia hatua ya kununa kwa sauti.

Wiki hiyo hiyo akatangaza kwamba pembe zote za wazee ziletwe kwake, atazisugua kwa majivu na ukwaju ziwe tayari kwa Junju. Nikamtania: "Unaziosha maiti?" Hakujibu, na kwa mlamu kutojibu ni jambo kubwa kuliko kuhama nyumba. Na katika wiki hiyo hiyo mwalimu akazikusanya tarumbeta zote za vijana, eti anazipeleka kushonewa mifuko. Nikabaki na bendi isiyo na chombo hata kimoja, ila kijiti changu. Nilisali sana. Niliona pande zote mbili zimeamua kukutana Junju zikiwa safi na hazijapatana.

Siku yenyewe ikafika. Tukashuka Junju barabarani asubuhi, jua limeshakaza. Pembe za wazee zilikuwa zinang'aa, kwa hiyo ukwaju ulitumika kweli. Tarumbeta za vijana zilikuwa na mifuko ya kitenge. Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili za njia, akina mama wa kwaya wamevaa vitambaa vya rangi moja, mchungaji mbele na wageni wake. Nikawatazama watu wangu. Mlamu alikuwa na tabasamu la mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo. Mwalimu alikuwa na tabasamu lile lile. Sikuelewa. Nikainua kijiti, nikakishusha.

Ndugu msomaji, ilikuwa mbaya kuliko siku ya mbuzi.

Nikasimamisha. Mama mmoja wa kwaya akamwuliza mwenzake, na nikamsikia vizuri: "Hii ni sala ama ni ajali?"

Mlamu alikuwa amemgeukia mwalimu, macho yamemtoka. "Mbona mmepanda?"

"Mbona *ninyi* mmeshuka?" mwalimu akasema.

Wakatazamana. Kisha yote yakamwagika pale pale njiani, kwa kunong'ona, huku mimi nikiwachekea wageni na kuwapungia kama mtu anayesubiri baraka. Mlamu alikuwa amezipeleka pembe zote za wazee Malindi, kwa fundi wa friji, zikaongezewa vipande vya paipu ya shaba ili zishuke zikutane na za vijana. Hakusema, kwa sababu mimi mlamu wake ningejua kwamba amekubali kushuka, na asingelala tena kwa kicheko changu. Mwalimu naye alikuwa amezipeleka za vijana Malindi, zikakatwa mirija ziwe fupi, zipande zikutane na za wazee, ili pembe ya babu isiende stoo. Hakusema, kwa sababu kamati ya kanisa isingekubali zawadi ikatwe kwa msumeno kabla haijafunguliwa vizuri. Kila mmoja alikuwa amekwenda nyumbani kwa mwenzake, na mwenzake hayupo, amekuja kwake.

"Fundi gani?" nikauliza.

"Yule wa nyuma ya soko," wakasema wote wawili kwa pamoja, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kupatana siku ile.

Mchungaji alikuwa anatuangalia. Hakukunja uso, alifanya vibaya zaidi: aliangalia saa. Mlamu akaliona hilo. Mkono wake ukaikumbatia besi kwa nguvu.

"Ondoeni vipande!" akawaambia wazee.

"Vuteni mirija nje!" mwalimu akawaambia vijana.

Walisema kwa wakati mmoja, na kila upande ukatii wa kwake. Wazee wakavichomoa vile vipande vya shaba, vilivyokuwa vimefungwa kwa uzi na nta, wakavitia mifukoni, wengine wakavitupa majanini. Vijana wakaivuta mirija yao mpaka karibu idondoke. Nikakishusha kijiti kwa imani. Wazee walikuwa wamerudi juu. Vijana walikuwa wamerudi chini. Tulikuwa tumesafiri kutoka Gede mpaka Malindi mpaka Junju ili turudi pale pale tulipowaacha mbuzi.

Lakini safari hii nilisikia kitu. Kati ya makelele yale, besi ilikuwa upande wa vijana. Nikamkazia macho mlamu.

"Wewe hukutoa?"

Aliinamisha kichwa, anajaribu kukisokota kipande cha besi kwa vidole. "Changu fundi alikilehemu kwa gesi. Nilimwambia nataka kitu cha kudumu."

Hapo nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu wakadhani ni sehemu ya ibada. Mlamu wangu, jemadari wa wazee, alikuwa amelehemiwa upande wa vijana na hana njia ya kurudi. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Niliyameza yote, na mpaka leo nayaona hayo kuwa mfungo wangu mkubwa.

Nikawaambia, "Sikilizeni. Asiguse mtu chombo mpaka niseme. Mlamu hawezi kupanda wala kushuka. Basi yeye ndiye doh. Wazee, rudisheni vipande vyenu. Vijana, mtafuteni yeye alipo."

Ndipo wageni wetu wa heshima wakawaona wazee wa kanisa wenye mvi wakitambaa majanini kando ya njia wakitafuta vipande vya paipu. Mmoja alikipata chake chini ya kiatu cha mgeni wa ng'ambo, akamwomba kwa adabu ainue mguu. Akina mama wa kwaya, Mungu awabariki, wakaanzisha vigelegele ili ionekane ni desturi yetu.

Mlamu akajaza kifua, akapuliza noti moja ndefu. Wazee wakamfikia. Vijana wakasogeza mirija, huku na huku, mwalimu anapita kati yao na sikio lake. Akaiangalia simu, akainua nyusi.

"Mjomba, mshale haufiki katikati. Babu yuko chini kidogo ya mataifa."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo cha kuudhi."

"Mataifa yapo hapa Junju?"

Akacheka, akaitia simu mfukoni. "Hayapo, mjomba."

Nikainua kijiti.

Nimesikia bendi nyingi katika maisha yangu, na nyingine zilikuwa na viatu vizuri. Lakini sauti iliyotoka pale ilikuwa moja. Ilikuwa pana na imetulia, iko chini kidogo ya ilivyozoeleka, kama mtu aliyekaa vizuri kwenye kiti chake. Watu wakaanza kutembea wenyewe bila kuambiwa. Mchungaji alitangulia, na alipopita karibu nami akasema, hajageuza kichwa, "Doh moja." Mlamu akamsikia. Besi ikatoa mlio mmoja ambao haukuwa kwenye wimbo.

Siku kadhaa baadaye nilikwenda Malindi kumwona yule fundi. Ni Mwislamu mcha Mungu, ana karakana ndogo iliyojaa friji zilizofunguliwa matumbo. Nikamsalimu, akanikaribisha kiti, akaniagizia kahawa.

"Fundi," nikasema, "pembe za kanisa moja zilikuja kwako wiki moja, nusu zirefushwe na nusu zifupishwe. Hukuona kitu?"

"Niliona, mzee wangu."

"Na hukusema?"

Akaweka mkono kifuani. "Alikuja mzee, akaniapisha nisimwambie mtu yeyote wa Gede. Kesho yake akaja yule binti, naye akaniapisha vivyo hivyo. Hizo ni amana mbili. Ningefungua mdomo kwa mmoja, ningekuwa nimemkhini mwenzake."

"Hata kucheka ungecheka, tukashtuka."

"Wallahi nilicheka! Nilifunga duka nikacheka. Mke wangu alidhani nimevuta gesi." Akanimiminia kahawa nyingine. "Lakini nikuambie jambo, mzee wangu. Yule mzee mara ya kwanza alikuja hapa na besi yake tu, ananguruma puani. Namsalimu, hajibu. Namwekea kiti, hakai. Ananguruma tu, ananionyesha pembe na mkono, niikate paipu mpaka ifanane na ule mngurumo. Alikuwa ameibeba sauti kichwani tangu Gede, anaogopa akisema hata salamu itamdondoka."

"Ilimdondoka," nikasema. "Kidogo."

"Jua lilikuwa kali," fundi akamtetea. "Na palikuwa na mtu njiani aliyemuuliza bei ya nazi. Ilibidi ajibu."

Nilipanda matatu kurudi Gede nikitabasamu peke yangu, abiria wenzangu wakasogea mbali nami. Niliwaza kwamba mahali fulani kati ya Gede na Malindi, kwa sababu ya swali la nazi, doh ya kanisa letu ilishuka kidogo, na hapo ndipo ilipokaa. Huko nje mataifa yana yao. Sisi tuna ya kwetu, na tunajua hata sababu yake.

Besi haikwenda stoo. Wala nyingine yoyote. Mwalimu sasa anazipatanisha tarumbeta zote kwa mlamu kila Jumapili, na hata kinanda cha umeme cha kwaya kimeteremshwa kwa vibonyezo vyake mpaka kikamfikia. Bendi nyingine zikitualika, mwalimu huwapelekea ujumbe mapema kwamba watusubiri kidogo chini. Wanauliza ni kipimo gani hicho. Huwajibu kwamba ni cha Gede, cha zamani sana.

Mlamu mwenyewe hastahimiliki. Mazoezi yakichelewa, husimama mlangoni akasema, "Anzeni bila mimi mwone mtakwenda wapi." Mchungaji akihubiri juu ya msingi usiotikisika, yeye huitikia amina kwa sauti kubwa akinitazama mimi. Juzi nilimwuliza, tumekaa barazani kwake tunakunywa chai, kama hakuona aibu kwamba yeye aliyewakataa vijana ndiye aliyewafuata akalehemiwa huko.

Akauchovya mkate wake kwenye chai. "Mlamu," akasema, "wewe una kijiti. Ungepewa doh, ungejua raha yake."

Kisha akaivumisha, mmm, polepole, puani. Nikaisikiliza. Nawaapieni ilikuwa imeshuka tena kidogo. Sikumwambia. Jumapili bendi itamfuata.

Nawe uliyevumilia hadi hapa, Mungu akujalie pumzi ndefu na watu wa kuipulizia pamoja. Akupe mlamu wa kukutania na mtoto wa jirani wa kukuita babu. Na siku utakapoamua kumshukia mwenzako, Mungu kwa rehema zake amzuie mwenzako asipande siku hiyo hiyo. Amina.